Mikopo midogo vijijini: kabla ya kuuliza riba, uliza marejesho yanaanza lini

#1 Mkulima Mdadisi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mjadala wa mikopo midogo kwa wajasiriamali wa vijijini umetugawa makundi mawili yasiyosikilizana. Wapo wanaosema mpe maskini mtaji, mengine atajua mwenyewe. Wapo wanaosema hii yote ni kausha damu, ipigwe marufuku. Makundi yote mawili yanabishania kama mkopo ni mzuri au mbaya. Kwa mtu wa kijijini naona linaloamua hatima yake ni jambo lingine kabisa: fedha yake inaingia lini, na marejesho yanaanza lini? Nitaandika kwa kirefu, mwenye haraka anisamehe.

Mwaka 1976 Muhammad Yunus alikuwa anafundisha uchumi Chuo Kikuu cha Chittagong, Bangladesh. Jirani na chuo kipo kijiji cha Jobra, na humo aliwakuta wanawake wanaotengeneza vigoda vya mianzi. Fedha ya mianzi walikopeshwa na mchuuzi, kwa sharti kwamba vigoda wamuuzie yeye tu, kwa bei atakayoipanga yeye. Kazi yote yao, faida yote yake. Yunus akatoa mfukoni kwake dola 27 za Marekani, zikatosha watu 42. Hapo ndipo ilipochipuka Benki ya Grameen, iliyosajiliwa rasmi kuwa benki mwaka 1983, na mwaka 2006 benki hiyo na mwanzilishi wake wakapewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya Amani.

Sasa itazameni ile biashara ya vigoda. Mama ananunua mianzi, anatengeneza, anauza, ananunua mingine. Fedha yake inazunguka ndani ya siku chache. Mtu wa namna hiyo ukimwambia alete marejesho kidogo kidogo kila wiki, anaweza, kwa sababu kila wiki kuna kinachoingia. Mfumo wa Grameen uliendana na maisha hayo: vikundi vya watu watano watano, mkutano wa kila wiki, marejesho madogo yanayoanza mapema. Ulipoonekana unafanya kazi, ulinakiliwa dunia nzima, mara nyingi bila kubadilishwa hata nukta. Ukapelekwa hata kwa mkulima anayevuna mara moja kwa mwaka.

Hebu tumfuate mkulima huyo. Amechukua mkopo mwanzo wa msimu wa kupanda. Wiki ya kwanza mbegu ziko ardhini. Wiki ya pili anatakiwa kulipa. Atalipa na nini? Analipa na mkopo wenyewe. Wenye uzoefu wanajua hilo tangu siku ya kuchukua, kwa hiyo kabla hawajanunua hata mfuko mmoja wa mbolea wanatenga fungu la marejesho ya miezi ya mwanzo, wanalificha ndani. Mtaji uliokuwa utie mbolea shamba zima unatia nusu, halafu nusu nyingine inakaa kwenye kitambaa ikisubiri siku ya mkutano, na riba yake inalipwa kama kawaida. Fungu likiisha kabla ya mavuno, anauza mfugo kwa bei ya shida, au anakwenda kukopa kwingine ili alipe huku. Mavuno yakija, yana wenyewe watatu.

Ukiangalia vitabu vya mkopeshaji, mteja huyu ni bora kabisa. Hajawahi kuchelewa hata mara moja.

Ndiyo maana simwamini mtu anayenipa asilimia ya marejesho kama ushahidi kwamba watu wametoka kwenye umaskini. Marejesho yanaonyesha kwamba deni limelipwa. Limelipwa kwa kutoa nini, hayaonyeshi.

Na ushahidi tunao. Januari 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti sita kutoka Bosnia na Herzegovina, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco. Watafiti walitumia bahati nasibu: wengine wakapewa fursa ya mikopo, wengine hawakupewa, kisha wakalinganishwa. Matokeo hayakufurahisha kundi lolote kati ya yale mawili. Kwa wastani, kipato cha kaya hakikupanda kwa kiasi cha kusema watu wametoka kwenye umaskini. Wala hawakuangamia kama wengine walivyotabiri. Vijijini Morocco, kwa mfano, waliokopa walipanua shughuli zao na faida yake ikaongezeka, lakini walipunguza kwenda kufanya vibarua kwa wengine, na kile walichopoteza kwenye vibarua kikafuta kilichopatikana. Mtu akiamua kufanya kazi kwenye shughuli yake badala ya kuuza nguvu zake kwa jirani, hiyo nayo ni nafuu ya maisha. Ila tusiite utajiri.

Huo ni wastani, na wastani unaficha watu. Kule Hyderabad, India, watafiti walirudi baada ya miaka kadhaa wakakuta waliokuwa na biashara tayari kabla mikopo haijafika wameendelea kunufaika hata baada ya mikopo yenyewe kukoma. Walioanzisha biashara kwa sababu tu mkopo umekuja, hawakuwa na cha kuonyesha.

Sasa nirudi kwenye hoja yangu ya ratiba. Kolkata, India, kundi moja la wakopaji lilianza kulipa wiki mbili baada ya kuchukua mkopo, kama ilivyo desturi. Kundi lingine likapewa miezi miwili ya kupumua. Mkopo ule ule, riba ile ile. Waliopewa nafasi waliingiza fedha zaidi kwenye biashara, na miaka mitatu baadaye faida yao ilikuwa juu ya wenzao kwa takriban asilimia 41. Watu wale wale wa mjini, wenye biashara za kawaida kabisa. Kama kwao miezi miwili ilifanya hivyo, mkulima anayesubiri mvua tumwambie nini?

Mimi naona tunahangaika kuwafundisha watu nidhamu ya fedha wakati mkopo wenyewe umekatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Karibuni.

#2 Afisa Mstaafu

Mleta mada, heshima yako. Nimefanya kazi ya afisa mikopo kwa miaka mingi, nimestaafu, kwa hiyo naongea nikiwa huru.

Uliyosema kuhusu fungu la marejesho kufichwa ndani ni kweli tupu. Sisi maofisa tulikuwa tunajua. Lakini umeruka jambo moja kwenye huo utafiti wa Kolkata, na hilo ndilo linalomnyima mkopeshaji usingizi: waliopewa miezi miwili ya kupumua, walioshindwa kulipa nao waliongezeka sana kuliko wale wa ratiba ya kawaida. Ni jambo la kueleweka. Ukimpa mtu nafasi ya kujaribu kitu kikubwa, wengine kitawalipa vizuri, wengine kitawaangusha. Mkopaji anayefanikiwa anabaki na faida yote, mkopeshaji anabaki na riba ile ile. Anayeanguka, hasara inamrudia mkopeshaji. Sasa mwenye taasisi achague ipi?

Ongeza gharama. Kumfuata mkopaji kijijini, kumhoji, kuandika fomu, kurudi kukusanya, ni kazi ile ile awe amekopa kidogo au kingi. Kwa mkopo mkubwa gharama hiyo haionekani. Kwa mkopo mdogo inakula karibu kila kitu, na ndiyo sababu mojawapo riba za mikopo midogo ziko juu, hata kwa taasisi isiyotafuta faida.

Mkutano wa wiki kwa upande wetu ulikuwa jicho. Mama asipotokea wiki moja unajua kuna jambo, unamfuata mapema, mnazungumza. Ukisubiri mavuno, siku unayofika unakuta shamba limeshauzwa na mtu amehama.

Ila niseme na hili, maana linaniuma. Taasisi niliyokuwa nayo ilipanga posho yetu kwa vitu viwili: idadi ya wateja na wangapi wamechelewa. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama biashara ya mteja imekua. Sasa mkutano wa kijijini unakuwaje hapo? Mmoja hana marejesho. Wenzake wanne wamekaa kwenye mkeka, jua linapanda, kuna aliyeacha mtoto mgonjwa nyumbani. Afisa hafungi daftari mpaka fedha itimie. Yule aliyekosa anaangalia chini. Mwishowe wanachangishana, kila mtu anatoa kilichobaki, na kwenye taarifa yangu naandika "hakuna aliyechelewa". Wakitoka hapo hawasemeshani.

Dhamana ya kikundi kwenye karatasi ni kitu kizuri. Kwenye mkeka ni kitu kingine.

#3 Bi Hazina

Afisa, umenigusa. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, hatuna mkopeshaji wa nje, na hayo ya kukaa juani kumsubiri mwenzetu aaibike ndiyo yaliyotufanya tujitenge.

Kwa asiyejua mtindo huu, ulipata umbo la sasa Niger mwaka 1991, pale shirika la CARE liliposaidia wanawake wa vijijini kuunda vikundi vilivyoitwa Mata Masu Dubara, kisha ukasambaa nchi nyingi za Afrika. Kila mkutano mnanunua hisa, nyingi au chache kadiri ya uwezo wa mtu. Hisa zikikusanyika, anayehitaji anakopa humo humo na kulipa na riba mliyokubaliana. Mwisho wa mzunguko, ambao mara nyingi ni mwaka, mnagawana kila kitu, hisa na faida, na riba yote inarudi kwa waliokopa na kuweka. Haiendi mjini.

Sanduku letu lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe liko kwa mtu wa nne. Haliwezi kufunguliwa isipokuwa mbele ya wote. Mkutano ukianza, fedha iliyomo inahesabiwa kwa sauti na kila mtu anatakiwa aikumbuke, ili mkutano ujao yeyote aweze kuulizwa ilikuwa kiasi gani. Wapo kati yetu wasiojua kusoma lakini huwadanganyi hata kwa sarafu moja.

Hoja ya mleta mada kuhusu ratiba sisi tumeimaliza kwa kugawana fedha wiki chache kabla ya msimu wa kupanda. Mtu anaingia msimu na mtaji wake mwenyewe mkononi, hadaiwi na yeyote.

Kasoro tunayo, nisifiche. Msimu wa kupanda ukifika wote tunataka fedha kwa wakati mmoja, na sanduku ni moja. Mwenye wazo kubwa, kama kununua mashine ya kusaga, sanduku letu halimfikishi. Huyo lazima atoke nje akatafute mkopo. Kwa hiyo siwezi kusema mikopo ya nje haina kazi.

#4 Hesabu Kwanza

Mleta mada, nimekusoma mwanzo mwisho, hoja nzuri, ila kichwa cha uzi wako kinanitia wasiwasi. Kwamba mtu asiulize riba kwanza? Ndugu, watu wanaumia kwa riba ambayo hawaijui. Acha niweke hesabu hapa.

Umekopa 120,000. Unaambiwa riba ni asilimia 2 tu kwa mwezi, miezi 12. Inaonekana ndogo. Lakini uliza: asilimia 2 ya nini? Kama ni ya deni lililobaki, na kila mwezi unapunguza 10,000, mwezi wa kwanza utalipa riba 2,400, wa pili 2,200, hivyo hivyo ikishuka, hadi mwisho utakuwa umelipa riba 15,600. Kama ni ya mkopo wote wa mwanzo, unalipa 2,400 kila mwezi bila kupungua, jumla 28,800. Maneno yale yale, asilimia 2, na tofauti karibu mara mbili.

Haijaisha. Wakopeshaji wengine wanazuia akiba ya lazima, tuseme asilimia 20, ambayo utarudishiwa ukimaliza deni. Maana yake umesaini 120,000 na mkononi umepewa 96,000. Riba unailipa juu ya 120,000. Ukikokotoa kwa fedha uliyonayo kweli mwezi hadi mwezi, ile asilimia 2 imekuwa zaidi ya 5.

Na hiki ndicho ninachowaonyesha watu mpaka wanashika kichwa. Mwezi wa kumi na moja unapoanza, deni lako limebaki 20,000. Akiba yako kwao ni 24,000. Yaani hapo wao ndio wanaodaiwa na wewe, na bado mwezi huo na unaofuata wanakutoza riba 2,400, 2,400.

Bado sijaweka ada ya fomu, bima ya mkopo na faini ya kuchelewa. Riba kwanza, ndugu yangu.

#5 Mkulima Mdadisi (mleta mada)

Hesabu Kwanza, nashukuru mno, hesabu hii ningependa ibandikwe kwenye kila ofisi ya mikopo. Sipingi. Ninachosema ni kwamba hata ukimpa mkulima mkopo usio na riba kabisa, ukidai marejesho kuanzia wiki ya pili, bado nusu ya mtaji italala kwenye kitambaa. Riba inaamua faida inakwenda kwa nani. Ratiba inaamua kama faida itakuwepo. Ndiyo maana nimeitanguliza.

Afisa, kuhusu waliokwama Kolkata, ni kweli, na ni sawa uliposema mwenye taasisi anabaki na hasara. Lakini ukisoma kazi nyingine unaona kwamba jibu halipo kwenye miezi ya kupumua peke yake. Lipo kwenye kuunganisha deni na siku fedha inapoingia.

Mfano wa magharibi mwa Kenya. Wakulima wanauza mahindi mara tu baada ya kuvuna, bei ikiwa chini kabisa, kwa sababu ada ya shule na madeni hayangoji. Miezi michache baadaye wanayanunua mahindi hayo hayo kwa bei ya juu ili wale. Watafiti Burke, Bergquist na Miguel walifanya kazi na shirika la One Acre Fund: mkopo ukatolewa wakati wa mavuno, magunia ya mkulima mwenyewe yakawa dhamana. Hakukuwa na haja ya kubuni biashara mpya wala mafunzo ya ujasiriamali. Mkulima aliendelea na kilimo chake kile kile, ila sasa aliweza kusubiri. Aliuza kidogo mwanzoni na zaidi baadaye bei ilipopanda, na faida ikaonekana. Kazi yao ilichapishwa mwaka 2019, na ina jambo moja ambalo halizungumzwi vya kutosha: sehemu ambazo mikopo ilitolewa kwa wengi, bei ya sokoni yenyewe ilitulia, haikushuka sana wakati wa mavuno. Faida ya mkopaji mmoja mmoja ikapungua, lakini hata wasiokopa wakapata nafuu.

Mali nako kuna taasisi iitwayo Soro Yiriwaso iliyokopesha vikundi vya wanawake wakulima kwa masharti kwamba walipe mara moja tu, baada ya mavuno. Watafiti wakawapa baadhi ya wakulima fedha za bure, wasizotakiwa kurudisha. Kwenye vijiji ambavyo mikopo haikufika, fedha hizo zilizaa vizuri. Kwenye vijiji vyenye mikopo, wakawapa wale tu ambao hawakukopa. Kwao hazikuzaa. Nimelifikiria sana hili. Inamaanisha waliokataa mkopo walikuwa wanajua. Hawakuwa waoga wala wajinga, walijua shamba lao kwa wakati ule halirudishi. Sasa fikirieni zile kampeni za kulazimisha kila kaya ikope ili "isiachwe nyuma".

#6 Sauti ya Chini

Naomba niseme kwa niaba ya wale ambao hamjawataja mpaka sasa. Mleta mada umesema waliokataa walijua. Na yule asiye na shamba, mfugo wala biashara ya kukataa mkopo kwa ajili yake? Kila kijiji wapo. Kwenye mikutano ya mikopo hawaji, na wakija kikundi hakiwataki kwa sababu kila mtu anajua watashindwa kulipa na mzigo utawaangukia wengine.

Bosnia, kwenye zile tafiti sita, walipewa mikopo watu ambao kwa kawaida wangekataliwa. Familia zenye elimu ndogo ziliwatoa watoto wao wa miaka 16 hadi 19 shuleni wakasaidie kazi. Hilo likiingia kwenye takwimu ya marejesho linaonekana kama nidhamu.

BRAC ya Bangladesh, ambayo nayo ni mkopeshaji mkubwa, ililitambua hili ikaanza mpango mwingine mwaka 2002 kwa ajili ya maskini kabisa. Hawaanzi na mkopo. Wanampa mtu mali ya kuzalisha, mara nyingi mfugo, wanampa posho ya kumwezesha kula ili asiuze hiyo mali kesho yake, wanamfundisha kuitunza, wanamfungulia akiba na kumtembelea mara kwa mara kwa muda wa miaka miwili hivi. Mpango huo ulijaribiwa Ethiopia, Ghana, Honduras, India, Pakistan na Peru, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Mwaka mmoja baada ya msaada kukoma, kwa sehemu kubwa watu walikuwa bado juu ya walipoanzia. Haikuwa kila mahali. Honduras wengi waliletewa kuku, na kuku wengi wakafa kwa ugonjwa. Fikiria kama kuku hao wangekuwa wa mkopo.

Huyo akishasimama, ndipo mkopo mdogo unapokuwa na maana kwake. Mkitanguliza mkopo mnamzika.

#7 Afisa Mstaafu

Sauti ya Chini, hili la kuku linanirudisha kwenye jambo nililoliona kazini mara nyingi: wateja wazuri, wenye shamba zuri, wanakataa mkopo mkubwa unaowafaa na kuchukua mdogo usiotosha. Tulidhani hawana maono. Baadaye nikasoma utafiti wa kaskazini mwa Ghana uliochapishwa mwaka 2014. Wakulima wengine walipewa fedha taslimu, wengine wakapewa bima ya mvua, inayolipa mvua ikikosekana. Waliopewa bima ndio walioongeza sana uwekezaji shambani kuliko waliopewa fedha. Kwa hiyo kilichokuwa kimewazuia zaidi ni hofu ya ukame kuliko ukosefu wa mtaji. Na mkopo unaizidisha hofu hiyo, maana mvua ikikata unapoteza mazao na bado unadaiwa.

Bado naamini mkutano wa wiki una faida. Lakini kukutana na kulipa ni vitu viwili. Mnaweza kukutana kila wiki, afisa akaona shamba linaendeleaje, na malipo yakasubiri mavuno. Wala si jambo geni. Grameen yenyewe, baada ya mafuriko makubwa ya 1998 kuwakwamisha wakopaji wengi, ilibadilisha taratibu zake, na kufikia 2002 ilikuwa na mikopo ambayo ratiba yake inaweza kurekebishwa mteja anapopata matatizo. Walioinakili wengine walibaki na nakala ya zamani.

#8 Hesabu Kwanza

Tusisahau Andhra Pradesh, maana hapo yote mliyosema yalikutana. Mwaka 2010 jimbo hilo la India lilikuwa na wakopeshaji wengi wakigombea vijiji vile vile. Mtu mmoja ana mikopo mitatu, minne, anakopa huku alipe kule. Mashinikizo ya kukusanya yakawa makali, habari za wakopaji kujiua zikaenea, na Oktoba mwaka huo serikali ya jimbo ikatoa amri ya kuwabana wakopeshaji. Marejesho yakaporomoka karibu yote kwa mkupuo. Miezi michache tu kabla, mmoja wa wakopeshaji hao wakubwa alikuwa ameuza hisa zake kwenye soko la hisa kwa kishindo.

Baada ya hapo Benki Kuu ya India ikaweka kanuni, na mbili nilizipenda, ingawa mwaka 2022 kanuni hizo zilibadilishwa. Mkopaji mmoja asikopeshwe na taasisi ndogo za fedha zaidi ya mbili. Na mkopaji ndiye achague kulipa kwa wiki, kwa wiki mbili au kwa mwezi. Mleta mada, hiyo ya pili ni hoja yako kabisa, ingawa haikufika mpaka kwenye mavuno.

#9 Chipukizi wa Shamba

Wakubwa, shikamooni. Nimejifunza mengi. Sisi ni kikundi cha vijana, tunalima mboga kwa umwagiliaji na wengine wanafuga. Kuna mkopeshaji ametufuata, anataka tusaini kama kikundi, marejesho ya kila wiki, tunaanza wiki ya pili. Wenzangu wengi wanataka. Mnanishaurije?

#10 Mkulima Mdadisi (mleta mada)

Marahaba kijana. Wewe mboga zako, ukishaanza kuvuna, zinaingiza fedha kila wiki, kwa hiyo ratiba ya wiki haikutishi, isipokuwa ile miezi kabla ya mavuno ya kwanza. Omba marejesho yaanze mboga zikifika sokoni. Wafugaji wenzako, inategemea. Wa maziwa wanaweza kulipa kwa wiki. Anayenenepesha mfugo auze, hapati hata sarafu mpaka siku ya kuuza, na huyo akisaini ratiba yenu atakuwa analipa kwa jasho lenu. Msisaini mkataba mmoja kwa shughuli tofauti.

Mwombe mkopeshaji aandike kwenye karatasi moja: kiasi kitakachofika mkononi, na kila tarehe ya malipo na kiasi chake mpaka mwisho. Akikataa kuandika, achaneni naye. Akiandika, fanyeni hesabu aliyoweka Hesabu Kwanza hapo juu.

Na kwenye kikundi, kabla ya kuketi na mkopeshaji, ketini peke yenu. Kila mmoja aseme fedha yake inaingia lini. Atakayesema hataki kukopa safari hii mwacheni, msimshawishi kwa ajili ya kutimiza idadi.

#11 Bi Hazina

Nyongeza kwa huyu mwanangu. Kabla ya kuchukua cha mtu, jaribuni miezi michache kuweka hisa zenu wenyewe na kukopeshana humo humo, hata kama ni kidogo sana. Mtamjua anayelipa bila kusukumwa, na mtajua mtafanya nini siku mmoja wenu akiuguliwa na mtoto. Hayo mkiyajulia mbele ya afisa wa mikopo mmechelewa. Mkopeshaji hahami, atakuwepo tu.

#12 Chipukizi wa Shamba

Asanteni sana, mama na wakubwa wote. Jumapili tunakutana, nitawasomea uzi huu wote. Wa kunenepesha mifugo wako wawili, nitaanza nao. Nikishapata ile karatasi ya mkopeshaji nitaiweka hapa bila majina, tuikokotoe pamoja.